Mradi mkubwa unapanda mlimani kwenu? Anzeni hivi kabla katapila halijafika

Jamani wa Lushoto, Mtae, Amani na vijiji vyote vya juu milima ya Usambara vinavyopata chochote kwa watalii, mkisikia barabara au bwawa linakuja msimsubiri injinia, anzeni na maji.

Nasema maji kwa sababu mlimani barabara inaharibu wakati wa mvua. Maji yaliyokuwa yanashuka yametawanyika sasa yanakusanywa mtaroni yanatokea kalavati moja, na chini ya kalavati kuna shamba la mtu, masika mbili tu ushapata korongo na njia ya kwenda maporomokoni imekatika. Kwa hiyo tembeeni na wazee mstari wote wa mradi, mvua ikinyesha ndo vizuri zaidi, pigeni picha kila chemchemi, kila mkondo, kila njia ya miguu wanayopita wageni, muandike kwenye daftari la kijiji. Na muulize kifusi kitamwagwa wapi, maana kisiposemewa kinasukumiwa bondeni.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari na wananchi washirikishwe. Ombeni ripoti mapema, ijadiliwe mkutano mkuu wa kijiji, na madai yenu yaingie kwenye muhtasari, sio kusemwa tu watu wakapiga makofi. Kule Kihansi, milima ya Udzungwa, bwawa la umeme wa megawati 180 lilipunguza maji ya maporomoko, na chura mdogo aliyegunduliwa 1996, aliyeishi kwenye manyunyu yale tu duniani kote, 2009 akatangazwa ametoweka porini. Inauma sana, na Usambara yetu nayo imejaa viumbe ambao hawapo kwingine.

Mthamini wa fidia akija atahesabu nyumba, ardhi na mazao. Hasara ya faida, yaani faida utakayoikosa kwa sababu ya mradi, nayo ipo kwenye fidia, ila bila kumbukumbu utamwonyesha nini? Kila mwenye geshti au anayeongoza wageni aanze leo kuandika tarehe, idadi, pesa, na risiti atunze.

Halafu lami ikishakaa jihadharini na ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mgeni atapanda asubuhi kutoka Mombo, apige picha Irente pale juu kwenye mandhari, jioni keshashuka, kijijini zimebaki chupa tupu za maji. Pangeni safari za kulala njiani, mfano Lushoto mpaka Mtae kwa miguu siku kadhaa, ale kwa mama wa kijiji, alale kijijini, na ada ya kijiji ikubalike mkutanoni kabla hoteli ya kwanza haijapewa kiwanja.