Kupunguza Teke la Bunduki kwa Mlengaji Anayeanza

Kijana wa Arusha anayeandaliwa kuwa askari wa wanyamapori au kufanya kazi katika kampuni ya uwindaji huweza kukabidhiwa bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi yake kwa inchi) siku ya kwanza kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini. Aina hiyo ya risasi ilibuniwa Uingereza mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wakubwa: kichwa chake kina takribani gramu 19, na teke lake, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, hufikia jouli 50 hivi, ilhali la bunduki ndogo ya .22 halifikishi hata jouli 1. Mwalimu aanze na .22, katika uwanja ulioruhusiwa na chini ya usimamizi wa mwenye leseni.

Kabla ya kununua kifaa chochote, pima kitako. Mwanafunzi akunje mkono nyuzi 90, mwisho wa kitako ukae kwenye mkunjo wa kiwiko, kisha atazame kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Kisipofika, kitako ni kirefu mno kwake, naye atalazimika kuegemea nyuma, hali inayomfanya ayumbe kila anapofyatua. Katika kulenga, kitako kikae kwenye bonde lililo kati ya mtulinga na kiungo cha bega, wala si juu ya mtulinga wenyewe, na kivutwe hadi kikaze, kwa maana nafasi ya upana wa kidole tu hukigeuza kuwa nyundo. Bunduki ikiwa na darubini, jicho liwe umbali wa sentimita 8 hadi 10, la sivyo ukingo wake utampasua nyusi.

Uzito husaidia sana: kwa risasi ileile, bunduki yenye uzito maradufu hurudi nyuma kwa takribani nusu ya nishati. Mikono ya kijana, hata hivyo, huchoka upesi, hivyo mtutu uegemezwe kwenye mti wa miguu mitatu. Mpira wa kitako nao unafaa. Kipunguza msukumo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu hupunguza teke kweli, lakini hurudisha kishindo kwa mpigaji. Kwa anayeanza sikipendekezi, kwani aghalabu kinachomtisha ni mlio zaidi ya teke lenyewe. Avae vizibo vya masikio, na juu yake vifuniko.

Woga uliokwisha kuingia hugunduliwa kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli bila yeye kujua. Ikifika ya bandia, mdomo wa mtutu utazama chini na macho yatafumba, ingawa hakuna kilicholipuka. Hapo arudi kwenye .22.

Atakapofikia .375, apige akiwa amesimama, mguu mmoja mbele, kwa sababu aliyelala chini bega lake halina pa kurudi. Risasi tatu zinatosha kwa siku hiyo.