Namna ya kupata uhakika wa wokovu unapojiuliza kama uliokoka kweli

Anza kwa kuijua shaka yako imetoka wapi. Chukua karatasi uandike, "Nina shaka kwa sababu...", kisha umalizie sentensi. Huenda hukumbuki siku uliyookoka. Huenda kuna dhambi unairudia, au ukisali husikii kitu moyoni, au umekutana na mstari uliokutisha. Shaka hizi hazina dawa moja, na wengi hutaabika miaka kwa sababu wanatumia dawa ya ile kwa hii.

Tuanze na tarehe. Kuna mtu ambaye kila wito unapotolewa anakwenda mbele kuongozwa sala ya toba upya, maana anahofia ile ya kwanza hakuiomba sawasawa. Anachokosea ni kuitegemea sala badala ya Yule aliyeombwa. Biblia haikuweka maneno maalumu ya sala hiyo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja tu akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Paulo aliijua saa na barabara aliyokutana na Yesu; Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na siku yake ya kuokoka haikuandikwa popote. Basi acha kuuliza, "Siku ile niliomba vizuri?" Jiulize, "Leo hii, nikisimama mbele za Mungu, namtegemea nani?" Kama jibu ni Kristo na msalaba wake, usirudie sala ya toba kwa ajili ya shaka hiyo tena. Mshukuru Mungu badala yake.

Sasa fungua Waraka wa Kwanza wa Yohana. Sura ya 5, mstari wa 13, inasema umeandikwa ili wanaoamini wajue kwamba wana uzima wa milele. Wajue, si wabahatishe. Una sura tano fupi. Usome wote kwa kikao kimoja, kwa sauti, na uweke alama kila penye "mjue", "twajua" na "tunajua". Utaona Yohana anarudia mambo matatu: kumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo aliyekuja katika mwili (4:2, 5:1), kuzishika amri zake (2:3) na kuwapenda ndugu (3:14).

Hapa wengi hujikwaa kwenye 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Usiusome bila 1:8, ambako Yohana huyohuyo anasema tukidai hatuna dhambi tunajidanganya. Anachozungumzia katika sura ya 3 ni mwenendo, mtu aliyeifanya dhambi makao yake. Anayeanguka, akaumia, akarudi, huyo ameshughulikiwa katika 1:9 na 2:1.

Utaratibu nao una maana. Shika ahadi kwanza, ndipo utazame matunda. Ukianza na matunda, siku njema utajivuna na siku mbaya utakata tamaa. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Uskoti wa karne ya 19, alitoa kipimo kizuri: kila ukijitazama mara moja, mtazame Kristo mara kumi. Unapoyapima matunda, usipime wiki kwa wiki. Linganisha mwaka na mwaka. Tena muulize mtu anayekaa nawe nyumbani, kwa maana yeye huona ukali uliopungua au uliozidi kabla yako. Na usijilinganishe na ukamilifu, kwa kuwa hapo hakuna atakayepita.

Kwa dhambi inayorudiwa: itaje kwa jina lake, si "makosa yangu yote". Itubu. Ulichochukua kirudishe, kama Zakayo. Funga njia inayokupeleka huko, kisha mwambie muumini mmoja aliyekomaa na anayetunza siri, kwa jinsi Yakobo 5:16 inavyoagiza. Lakini kama dhambi hiyo unaificha na huna nia ya kuiacha, usitafute faraja kwanza. Kukosa amani katika hali hiyo si ugonjwa. Ni dhamiri inafanya kazi yake.

Anayetafuta hisia amkumbuke John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Tarehe 24 Mei 1738, London, aliusikia moyo wake ukipata joto la ajabu, akahakikishiwa kwamba dhambi zake zimeondolewa. Januari 1739 aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Kumbe hata tukio kubwa namna ile halikumbeba miezi minane. Ushuhuda wa Roho katika Warumi 8:16 upo, na huja mara nyingi kimyakimya, mtu anapomlilia Mungu, "Aba, Baba", hata akiwa na hofu. Mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu (1 Yohana 3:20).

Mistari ya kutisha isome pamoja na iliyotangulia na inayofuata. Katika Mathayo 12, walioonywa kuhusu kumkufuru Roho walikuwa wanaiona kazi yake na kuiita ya pepo, bila wasiwasi wowote. Anayelia kwa hofu kwamba amekufuru hafanani nao. Katika Mathayo 7:22, waliokataliwa walikuja na orodha ya kazi zao: unabii, kutoa pepo, miujiza. Anayemtegemea Kristo, si kazi zake, hafanani nao pia.

Makanisa hayafundishi sawa juu ya jambo hili. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulikataa kwamba mtu anaweza kujua kwa uhakika wa imani kuwa amepata neema. Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, linakubali uhakika huo, ila linasema muumini wa kweli anaweza kuungoja muda mrefu. Wafuasi wa Wesley huufundisha kwa ajili ya leo, huku wakionya kwamba mtu anaweza kuanguka kesho. Muulize mchungaji wako kanisa lenu limesimama wapi, usije ukachanganya mafundisho mawili yasiyopatana.

Kama mawazo ya hukumu yanakujia bila kukoma, hulali, unarudia toba ileile mara nyingi kwa siku na nafuu haidumu hata saa moja, mwone daktari pamoja na mchungaji. Hali hiyo inatibika. Wakati wa matibabu, tubu mara moja tu kwa kila jambo, kisha wazo likirudi usilijibu. Endelea na kazi uliyokuwa unafanya.