Jinsi ya kufuata njia ya limfu ya kondoo kutoka tumboni mpaka kifuani

Hii ni kwa wadogo zangu mnaosoma mifugo, limfu ile mnayochora kwenye daftari (yale majimaji ya mwili yanayorudi kwenye damu kwa mirija yake) unaweza kuifuata kwa mkono kabisa. Shida ni kwamba wachinjaji wana haraka, akishapasua tu anavuta mapafu, moyo na kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo) kwa pamoja na njia yenyewe inakatika hapo hapo. Ongea nae kabla hajashika kisu, akuachie kiwambo na ule mshipa mkubwa wa damu uliolala kwenye uti wa mgongo, dakika ishirini tu. Mimi mnadani Msalato, hapa Dodoma, huwa nafika mapema nyama choma haijachanganya.

Vaa glovu jamani, mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, ile inayoambukiza kwa damu ya mifugo, ilitupiga sana Dodoma.

Ukibahatika upate mwanakondoo aliyetoka kunyonya, mafuta ya maziwa yanapita kwenye limfu kwahiyo inakuwa nyeupe pee, ila kondoo mkubwa wa kiangazi anayekula majani makavu limfu yake ni kama maji, utasumbuka kuiona. Tandaza utumbo, angalia ule utando unaoushikilia, utaona vijiuzi vyeupe vinaingia kwenye tezi (ndo hizi zikivimba kinenani kwetu sisi tunasema mitoki). Vifuate mpaka mgongoni karibu na figo, pale kuna kifuko kidogo, na kutoka hapo njia inapanda kifuani kupitia tundu lile lile la kiwambo linalopitisha mshipa mkubwa.

Ukiwa kifuani tafuta upande wa kulia wa huo mshipa, toa mafuta taratibu kwa kidole sio kisu. Ukiupata mrija funga uzi halafu kanda utumbo polepole kuelekea mgongoni, chini ya uzi utajaa vinundu vinundu kama shanga, zile ni vali zinazozuia limfu isirudi nyuma. Mbele unahamia kushoto, unamwaga kwenye vena chini ya shingo.

Njia ya pili wengi wanaisahau. Majimaji yaliyo huru tumboni yananyonywa na kiwambo chenyewe yanaenda kwenye tezi ndefu iliyo katikati ya mapafu kwa nyuma, ndo maana watafiti wanaopima limfu ya mapafu ya kondoo huwa wanakata mkia wa hiyo tezi, ya tumboni isichanganyikane. Ipasue na wewe uone, ila ukikuta usaha umejipanga matabaka kama kitunguu acha hapo hapo umwite mkaguzi wa nyama.