Kuunga sola paneli za kujitengenezea bila kuunguza nyumba

Wakuu, umeme umekuwa wa kukatika katika na naona watu wananunua seli tupu wanaunga paneli wenyewe, safi sana, ila wengi wanaogopa paneli wakati hatari kubwa zaidi ya kuchoma nyumba ni betri. Paneli ya seli kubwa hata ikipiga shoti inatoa ampea zake 8 au 9 basi. Betri ya sola ya AH 100 ikigongwa na spana kati ya chanya na hasi inamwaga mamia ya ampea hapo hapo, waya unakuwa mwekundu, plastiki inayeyuka na pazia lipo pembeni.

Tuanze juu. Seli moja ni kama nusu volti ikiwa na mzigo na kama 0.6 bila mzigo, kwa hiyo unaunga 36 kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata), ukipima juani bila mzigo multimita isome kama volti 21, ikisoma pungufu sana kuna kiungio hakijashika risasi ya kulehemu vizuri. Usipuuze, maana kiungio kibovu au seli yenye ufa inageuka sehemu ya joto kali, ndo maana fremu ya mbao na plaiwudi mi siikubali kabisa, tumia alumini na kioo. Weka na dayodi ya kupitishia pembeni kila seli 18 ili kivuli cha mti kisichome seli.

Waya wa kushuka wengi wanabania hapa. Chukua ampea 8, umbali mita 10, maana yake mita 20 kwenda na kurudi, waya wa milimita 2.5 (za mraba) unakula zaidi ya volti 1 njiani, wa milimita 6 unakula kama nusu volti tu. Nunua wa 6, uwe wa nje usiopasuka kwa jua, na weka fyuzi ya ampea 15 kwa kila paneli, hasa zikiwa tatu na kuendelea kwa sambamba (chanya na chanya, hasi na hasi), kwa sababu paneli moja ikipata hitilafu zile nyingine zote zinaimwagia umeme wao.

Sasa betri. Fyuzi ya betri ikae karibu kabisa na terminali ya chanya, shubiri moja tu, sio kule kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani), kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda. Inveta ya wati 600 kwa volti 12 inavuta ampea 50 na ushee, kwa hiyo waya wa milimita 25, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi ya 80. Na breka iwe ya DC (umeme wa betri na paneli) jamani, zile za kawaida za ukutani ni za AC (umeme wa gridi), ukizima DC nayo cheche inaweza kuendelea kuwaka humo ndani. Vua pete na saa, mpini wa spana uzungushie tepu nyeusi ya umeme. Betri ya maji isikae chumba cha kulala wala ndani ya kabati lililofungwa, ikichaji inatoa hidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua.

Mpangilio wa kuunga: betri kwanza kwenye chaja kontrola (kifaa kinachodhibiti paneli inavyochaji betri), ndipo paneli. Kutoa ni kinyume, paneli kwanza, na kabla hujaigusa ifunike na blanketi kwa sababu jua likiwepo paneli haina swichi ya kuzima.

Kingine nakuomba sana, ule waya wenye plagi pande mbili wa kuchomeka inveta kwenye soketi ili nyumba nzima iwake, USIUFANYE. Umeme wako unatoka hadi kwenye laini ya mtaa, fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo anajua imekufa, wewe unamuua. Na umeme ukirudi, inveta yako inalipuka. Weka swichi ya chenjiova (inachagua umeme wa TANESCO au wa inveta, kamwe sio vyote pamoja), na hiyo kazi ya kwenye ubao mkuu mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Kama huna hela yake kwa sasa, chomeka taa na tivi moja kwa moja kwenye inveta, inatosha.

Wiki ya kwanza, mzigo ukiwa umewaka kwa saa nzima, pitisha kiganja karibu na viungio vya upande wa betri bila kushika chuma, pakiwa pa moto kuliko waya wenyewe zima kila kitu, toa fyuzi, kaza au badilisha terminali.