Kabla ya kuanua matanga: jinsi ya kuandika maisha ya baba

Katika misiba mingi ya hapa Dodoma, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtu mmoja mwenye hati nzuri, huku wenzake wakihangaikia jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Kesho yake husomwa kwa dakika tano: alizaliwa mwaka fulani, alisoma mahali fulani, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, na ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hakuna uongo ndani yake, lakini mtu mwenyewe hayumo. Tulipomzika baba yangu, aliyefanya kazi ya reli kwa zaidi ya miaka 30, wasifu wake ulienea upande mmoja wa karatasi, na mimi ndiye niliyeuandika. Ninayoyaeleza hapa niliyajifunza katika miezi iliyofuata, nilipoianza kazi ile upya.

Jambo la kwanza ni kuanza mapema, wakati watu bado wapo. Msiba huwakusanya mashahidi ambao hakuna sherehe ingeweza kuwakutanisha: mzee aliyepanga naye nyumba Kilosa, shangazi kutoka Mvumi, jirani wa zamani aliyepanda basi kutoka Manyoni. Baada ya siku tatu wengi huwa wamekwisha kuondoka, na baadhi yao hamtaonana tena. Teueni mtu mmoja ambaye hana jukumu lingine msibani; mjukuu aliye sekondari anafaa sana, kwa kuwa wazee hupenda kumsimulia mjukuu kuliko mtoto wa marehemu. Apewe daftari, naye aandike jina la kila mgeni, namba yake ya simu, walijuana na marehemu wapi na mwaka gani. Asiwahoji kwa kina siku hizo, kwa sababu si adabu na majonzi bado ni mabichi. Aombe tu idhini ya kuwapigia simu au kuwatembelea baada ya arobaini.

Wakati huohuo, toeni nakala za karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa kama kipo, barua ya ajira, vitambulisho vya kazi, barua za uhamisho na kitabu cha benki vitahitajika katika mirathi, na vikishakabidhiwa kwa msimamizi huenda familia isivione tena kwa muda mrefu. Barua za uhamisho zina thamani ya pekee, maana kila moja inataja kituo na tarehe, na zikipangwa kwa mfuatano zinakuwa uti wa mgongo wa historia nzima.

Wazee wetu wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, na si haki kuwasumbua kwa swali la "mwaka gani?" Ulizeni kwa matukio. Je, ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake? Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta wapi? Watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukoo wake ulipelekwa wapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, je, alikuwa tayari ameajiriwa relini? Alikuwa wapi wakati wa Vita vya Kagera, na alipopata habari ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine mwezi Aprili 1984? Mama yangu alisema hakumbuki mwaka waliohamia Gulwe, lakini alikumbuka kwamba redio ilikuwa ikitangaza habari za vita huku yeye akifungua vyombo vilivyofungwa kwa khanga. Hilo lilitutosha kuandika 1978 au 1979, na katika daftari tuliandika hivyohivyo, bila kujifanya kwamba tunajua zaidi.

Sehemu ya kazi ndiyo inayostahili muda wenu mwingi, kwa sababu ndiko alikotumia saa nyingi za uhai wake na ndiko watoto wake hawakuwahi kumwona. Nilipomuuliza mzee mmoja aliyekuwa naye katika gengi la mafundi wa njia, "Baba alikuwa mtu wa namna gani kazini?", alinijibu kwamba alikuwa mchapakazi, mpole na mwenye ushirikiano. Maneno hayo husemwa juu ya kila marehemu. Nikabadilisha swali: "Mzee, siku ya kawaida mlikuwa mnaamka saa ngapi, na mnaanzia wapi?" Hapo alivuta kigoda, akaokota kijiti, akachora reli mbili mchangani na mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia, katikati. Alinieleza kwamba kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, baba alipiga goti, akateremsha kichwa mpaka shavu likakaribia chuma, akafumba jicho moja na kuitazama reli kwa urefu wake ili aone ilipozama. Kisha alinyoosha mkono bila kusema neno, na vijana wakaenda na sululu pale alipoonyesha, wakainua taruma na kushindilia kokoto chini yake. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambacho mafuriko yamekiharibu mara nyingi, kilikuwa na kazi hiyo karibu kila msimu wa mvua. Nilikaa na baba zaidi ya miaka 40 na sikuwahi kujua kwamba alikuwa na jicho hilo. Kwa hiyo ulizeni juu ya siku moja, zana moja, kosa moja lililomkosesha usingizi, na mshahara wa kwanza aliununulia nini.

Kanuni hiyohiyo itumike mnapoandika kwamba aliipenda familia yake. Msiandike "aliipenda familia yake" mpaka mmepata ushahidi, kisha andikeni ushahidi wenyewe. Sisi tulikuwa saba. Kila Januari baba alikaa mkekani usiku mzima na rundo la magazeti ya zamani, akijalidi daftari la kila mmoja wetu na kuandika jina kwa herufi kubwa zilizolala upande wa kulia. Dada yangu bado analo moja, la hesabu, la darasa la tatu. Picha ya jalada lile tumeiweka kwenye ukurasa wake, na hatukuongeza maelezo.

Kwa upande wa safari, mtu wa Dodoma anao msaada ambao wengine hawana: Reli ya Kati yenyewe. Ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kwa familia nyingi za huku ndiyo iliyoamua nani amezaliwa wapi na nani ameoa wapi. Chukueni karatasi ndefu, mchore mstari, mpange vituo: Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Dodoma, Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi, hadi Tabora na kuendelea. Pitisheni karatasi hiyo kwa ndugu, na kila mmoja aandike chini ya kituo lile analolikumbuka. Kumbukumbu huja haraka zaidi mtu anapoliona jina la kituo. Chini ya Saranda peke yake tulipata simulizi tano, zote zikihusu kuku wa kukaanga waliouzwa dirishani na noti zilizopitishwa huku behewa likianza kusogea. Tenganisheni safari alizotumwa na kazi na safari alizozichagua mwenyewe. Baba alizunguka nusu ya nchi kwa amri ya mwajiri, lakini safari aliyoizungumzia hadi uzeeni ni moja tu, alipotupeleka Kolo kuiona michoro ya miambani ya Kondoa, miaka mingi kabla haijaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Alitaka kujua waliochora walisimama juu ya nini kufikia pale juu.

Mambo aliyoyapenda baada ya kazi hupotea upesi kuliko yote, kwa sababu vifaa vyake hugawanywa au kutupwa mara tu chumba kinaposafishwa. Kabla ya kugawa chochote, pigeni picha kila kitu mahali pake: bao, redio, baiskeli, jembe, miwani. Baba alikuwa na mizabibu arobaini na miwili nyuma ya nyumba. Hapa kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo mizabibu hupogolewa mara mbili, na mkasi wake wa kupogolea ulikuwa na mpini uliozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, mpira ambao kidole gumba chake kilikuwa kimeuchimba shimo dogo. Mpigeni picha mrithi wa kifaa akiwa amekishika, na andikeni ni nani aliyemfundisha marehemu kukitumia.

Kuna mambo magumu, nayo yanahitaji kikao. Kama kuna watoto wa nje ya ndoa, au mke aliyetangulia kuachwa, majina yao yakubaliwe na wazee wa ukoo kabla ya kuandikwa, lakini msimamo wangu ni kwamba mtoto aliyezikwa na baba yake moyoni asizikwe pia kwenye karatasi. Ugonjwa uelezwe kwa kiasi ambacho mjane ameridhia.

Andikeni matoleo mawili. La kwanza ni la kusomwa kanisani, msikitini au makaburini, lisizidi kurasa mbili, na lisomwe kwa sauti nyumbani ili sentensi inayomkaba msomaji ikatwe. La pili ni la familia, nalo liwe refu kadiri inavyohitajika. Katika hilo, mzee akisimulia kwa Kigogo, andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, kisha tafsiri ifuate chini. Tajeni kila mara aliyesimulia, ili simulizi mbili zinapopingana msomaji azione zote. Picha za zamani zipigwe karibu na dirisha bila kuwasha taa ya simu, na mkizituma kwa WhatsApp mzitume kama faili, la sivyo zitapungua ubora. Rekodi za sauti zihifadhiwe kwa ndugu wasiopungua watatu, katika miji tofauti ikiwezekana.

Kabla ya kwenda kuchapa, msomeeni mjane nakala yote, polepole, kwa jioni mbili au tatu. Mama alisikiliza habari za jicho la baba kwenye reli hadi mwisho, kisha akasema tumekosea jambo moja: jicho alilolifumba lilikuwa la kushoto, kwa sababu hata siku alipokuja kuchumbia, alipokuwa akiukagua mlango wa nyumba ya babu uliopinda, alifumba la kushoto. Tukaongeza neno hilo, na jina la mama kama msimulizi.