Kutunza mawe ya mgodi wa zamani wa Geita: kuanzia karatasi yake hadi kabatini

Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita, ulioanza miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Huu mkubwa tunaoujua leo ni mwingine, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kwa hiyo mawe ya ule wa kwanza ni haya tu yaliyobaki majumbani: lililozuia mlango, lililowekwa dirishani na babu aliyefanya kazi mgodini, lililorithiwa ndani ya sanduku la bati. Nasafisha na kupanga mawe ya namna hii hapa Mwanza, na mengi huletwa kwangu yakiwa yameshaharibiwa na mtu aliyetaka tu yapendeze. Naandika kwa ajili ya aliye na jiwe mkononi na hajalifanya lolote bado.

Kwanza, usiende kuyachimbua. Mashimo ya kale yana hewa mbaya, maji, na matimba (magogo yaliyoshikilia kuta na dari) yaliyooza, na eneo karibu lote lina mwenye leseni. Marudio ya zamani, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, nayo huweza kuwa na zebaki. Na kama jiwe lako lina dhahabu inayoonekana kwa macho, pita ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla ya kufikiria kuliuza. Biashara ya madini inataka leseni, na kuyatoa nje ya nchi kunataka kibali.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya maji

Usitupe chochote kilichokuja na jiwe: boksi, gazeti lililolifunga, kipande cha karatasi chenye mwandiko uliofifia. Ukikuta kimeandikwa "Geita, Lake Province, Tanganyika", una karatasi inayojieleza umri wake, maana majina hayo ni ya enzi ya kabla ya Muungano wa 1964. Ukikuta "Geita, Mwanza", si kosa. Geita ilikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza mpaka ilipopewa mkoa wake mwaka 2012. Nimeona watu wenye nia njema wakiandika kadi mpya safi, "Mkoa wa Geita, Tanzania", na ile ya zamani ikaenda jalalani. Hapo ushahidi umefutwa, na hakuna fundi wa kuurudisha. Andika kadi yako, uiweke pembeni ya ile ya zamani. Usisahihishe hata herufi moja.

Kama mzee mwenye jiwe yupo hai, kaa naye. Msalimie, mwache aanze anapotaka, kisha uliza: "Babu, hili lilitoka sehemu gani ya mgodi? Nani alikupa? Mwaka gani hivi?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe uliyoyasikia. Akisema hakumbuki, andika kwamba hakumbuki. Usimjazie. Jiwe lenye historia ya kubuni ni baya kuliko lisilo na historia, kwa sababu atakayefuata ataiamini.

Hatua ya 2: Lijue jiwe

Mawe mengi ya kilima cha Geita yana mistari: tabaka nyeusi zenye chuma na tabaka za rangi hafifu, huku pairiti, madini ya njano ambayo wengi huyadhani dhahabu, ikiwa imejaa kwenye nyufa. Sogeza sumaku. Ikivutwa na tabaka nyeusi, hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma.

Kwa ile njano, chukua sindano na ujaribu pembe iliyojificha. Dhahabu ni laini, inabonyea. Pairiti haibonyei, ukiilazimisha inavunjika na kuacha unga mweusi. Kalkopairiti, madini yenye shaba, nayo ni njano iliyoiva zaidi, na kisu kinaikwaruza, wakati pairiti kisu hakiiwezi. Madini meupe pia yajaribu: kwatzi haikwaruziki kwa kisu, kalsaiti inakwaruzika kwa urahisi.

Ukiona madini ya rangi ya fedha, na yakigongwa yanatoa harufu ya kitunguu saumu, ni arsenopairiti, ambayo ndani yake kuna aseniki, ambayo ni sumu. Usiigonge tena, usiipashe moto, nawa mikono, na isikae jikoni wala karibu na watoto.

Hatua ya 3: Usafi, kidogo kuliko unavyotamani

Brashi laini ya meno, kavu, inatosha kwa mawe mengi. Kwatzi tupu unaweza kuiosha kwa maji na sabuni kidogo. Jiwe lenye pairiti usililoweke. Kama lazima maji yaguse, tumia yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari (soma chupa vizuri, isiwe asidi), kisha lianike kivulini mbele ya feni siku nzima.

Siki na ndimu weka mbali, vinaila kalsaiti. Vanishi na mafuta pia hapana. Kutu ya kahawia iache, ni sehemu ya umri wa jiwe.

Hatua ya 4: Namba

Paka tone dogo la rangi nyeupe ya kucha sehemu isiyoonekana, likauke, andika namba kwa wino usiofutika. Namba hiyohiyo iingie kwenye kaunta buku pamoja na maelezo yote ya hatua ya 1, na picha yenye rula pembeni.

Hatua ya 5: Unyevu wa ziwa

Hapa ndipo sisi wa kandokando ya ziwa tunapopoteza mawe. Pairiti ni chuma na salfa. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inageuka polepole kuwa chumvi za chuma na asidi ya salfuriki. Dalili ni unga mweupe au wa njano juu ya jiwe, harufu kali ya kiberiti, na boksi la karatasi kuungua kahawia pale jiwe lilipokaa. Asidi hiyo huila kadi ya zamani kabla hujagundua, hivyo kadi ikae kwenye mfuko wake wa plastiki, isigusane na jiwe.

Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani weka silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu. Nunua ile inayobadilika rangi ikishiba unyevu, ili ujue lini uikaushe upya kwenye oveni. Ukipata kipimo cha unyevu, hakikisha hakizidi asilimia 50.

Jiwe lililoanza kutoa unga litenge siku hiyohiyo. Toka nalo nje, ufute unga kwa brashi kavu ukiwa umevaa barakoa, kisha lirudishe kwenye kontena lake peke yake na jeli mpya. Usilioshe, maji yanauchochea ugonjwa. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, ila kinachobaki unaweza kukisimamisha. Fungua makontena na ukague kila mwezi, na kila wiki wakati wa masika, Machi hadi Mei.