Namna ya Kununua Mapambo na Kazi za Kufumwa kwa Mkono kutoka kwa Fundi Mdogo, Mtwara na Lindi

Kidani cha kwanza nilichokinunua kwa jina la mpingo, pembezoni mwa stendi ya mabasi, kiliacha weusi kwenye kola ya shati langu kabla basi halijafika Lindi. Kilikuwa cha mti mwepesi, mweupe, uliopakwa dawa ya viatu. Kosa halikuwa la muuzaji peke yake, kwa sababu neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "Bei gani?", na muuzaji anayeulizwa bei tu hujibu bei tu. Tangu siku hiyo ninafuata utaratibu mwingine, ambao ndio ninaoueleza hapa: kuuliza kwanza kitu kimetengenezwaje na kimetengenezwa na nani, kisha kukikagua kwa mikono, na suala la bei kuliacha liwe la mwisho.

Anza na salamu kamili, kwa maana fundi aliyeinamia kazi hafungui maelezo kwa mtu aliyemsimamia kama askari wa ushuru. Baada ya hapo uliza kwa upole: "Kazi hii ni ya mkono wako, fundi? Imekuchukua siku ngapi? Mti huu, au uzi huu, umeupata wapi?" Aliyeitengeneza mwenyewe atakujibu kwa vitu vidogo vidogo, kwa mfano tundu lililomsumbua au rangi iliyokataa kushika. Halafu mwombe akuonyeshe kazi ambayo bado haijakamilika. Ukili, yaani utepe wa majani yaliyosukwa, uliokunjwa ukisubiri kushonwa, au bangili ambayo bado haijapigwa msasa, ni ushahidi mkubwa kuliko kibao chochote kilichoandikwa "kazi ya mkono". Asipokuwa nayo haina maana kwamba anadanganya, kwani wapo wachuuzi waaminifu wanaonunua kwa mafundi na kuuza. Lakini mchuuzi aseme kwamba ni mchuuzi. Wachongaji wengi wa Kimakonde walihamia Dar es Salaam miaka mingi iliyopita na kufanya kazi Mwenge, hivyo si ajabu hereni unayoonyeshwa Mtwara kama kazi ya Newala ikawa imesafiri kutoka huko.

Katika nguo, jambo la kwanza ni kutenganisha maneno. Kanga na vitenge huchapwa kiwandani, na uzuri wake haupungui kwa hilo, lakini havikufumwa kwa mkono. Batiki hutiwa rangi kwa mkono juu ya kitambaa ambacho kwa kawaida kimetoka kiwandani. Kitambaa cha kufumwa kwa mkono ni kile ambacho mfumaji ametandaza nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, kwenye kitanda cha mfumi, ambacho ni chombo cha kufumia, kisha akapitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, mmoja baada ya mwingine kwa mikono yake. Zamani kazi hii ilikuwa ya hapa hapa: Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi wa pamba. Leo kusini kuna wasukaji wengi wa ukindu na milala kuliko wafumaji wa pamba, kwa hiyo ukiletewa shali au kitambaa cha meza na kuambiwa kimefumwa kwa mkono, uliza kitanda cha mfumi kiko wapi. Jibu la "Kinatoka mkoa mwingine" ni jibu zuri kabisa, ili mradi ni la kweli.

Ukishakipata mkononi, kiinue kwenye mwanga. Ufumaji wa mkono huonyesha tofauti ndogo ndogo: mahali fulani mshindio umekazwa zaidi, mahali pengine umelegea kidogo, na kingo za pembeni hazikunyooka kama zimepigwa rula. Tofauti hizo ni alama ya mkono na hazipunguzi thamani. Kasoro za kweli ni nyuzi zilizokatika na kuachwa zikining'inia, matundu yanayopitisha kidole, na kingo zilizovutwa ndani hata kitambaa kikawa chembamba katikati. Geuza upande wa pili: nakshi iliyofumwa huonekana pande zote mbili, wakati iliyochapwa mara nyingi hupauka kwa nyuma. Tazama pia matamvua, ambayo katika kazi ya kweli ni ncha za mtande wenyewe zilizofungwa mafundo, wala si ukanda ulioshonewa baadaye.

Kama umeambiwa ni pamba tupu, omba uzi mmoja kutoka kwenye matamvua uuchome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholoweshwa, sugua mahali penye rangi kali, hasa nyekundu, nyeusi na buluu ya nili, na uone kilichobaki juu ya cheupe. Rangi kidogo inayotoka katika nguo mpya si tatizo kubwa, lakini ikiwa kitambaa chote kimebadilika, nguo hiyo itafuliwa peke yake maisha yake yote. Wengi wetu tumefundishwa na mama zetu kuloweka nguo mpya katika maji ya chumvi. Desturi hiyo haina madhara, ila haiwezi kuokoa rangi ambayo haikushikwa vizuri tangu mwanzo. Uliza vilevile kama kitambaa kilifuliwa kabla ya kuuzwa, kwa kuwa pamba isiyofuliwa hurudi, na anayetaka kukishona gauni anunue na ziada. Pima kwa futi ya fundi cherehani, kwani pima ya mtu mrefu na pima ya mtu mfupi hazilingani.

Kuhusu mikeka na mikoba ya ukili nitasema machache, kwa kuwa msomaji wa pwani huenda anajua zaidi yangu. Kagua mishono inayounganisha ukili na ukili, kisha pindo, kwa sababu mkeka huanza kufia huko. Nusa. Harufu ya majani makavu ni nzuri. Harufu ya uvundo na madoa madogo meusi huonyesha kwamba ukindu ulisukwa kabla haujakauka, jambo linalotokea sana kati ya Novemba na Aprili mvua zinapokuwa zinanyesha. Rangi za mikeka nyingi siku hizi ni za unga zinazochemshwa, nazo zipimwe kwa kitambaa kibichi kama nguo.

Mapambo ndiyo yenye mitego mingi. Mpingo una mtihani mmoja ambao hauhitaji elimu: huzama majini. Mti wake ni mzito kuliko maji, hivyo bangili ikielea katika bakuli, si mpingo, hata ikiwa nyeusi kama kaa. Omba ruhusa kwanza, kisha ifute na kuikausha mara moja. Kwa kidani kilichotungwa kwa uzi, tumia kitambaa kibichi badala ya bakuli, usugue ndani ya tundu la shanga, mahali ambapo mtu anayepaka rangi mara nyingi husahau. Usikikatae kipambo kwa sababu kina mstari wa rangi ya krimu, kwani mpingo wenyewe una sehemu nyeupe karibu na gome, na mafundi wengine huiacha makusudi iwe nakshi. Uliza pia mti ulikovunwa. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na wilayani Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza barani Afrika kupata, mwaka 2009, cheti cha kimataifa cha FSC, yaani cha uvunaji mzuri wa misitu, kwa misitu inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Fundi anayetumia vipande vilivyobaki kwenye kazi kubwa hana haja ya kuficha, na kwa hereni na vipini hivyo vipande vinatosha.

Katika vyuma, namba 925 iliyogongwa kwenye pete au mkufu humaanisha kwamba fedha ni asilimia 92.5 na kilichobaki ni madini mengine, mara nyingi shaba. Muhuri huo hugongwa na yeyote mwenye chombo, kwa hiyo kipambo cha bei kubwa kipelekwe kwa sonara kabla ya malipo. Sumaku husaidia nusu: ikikivuta kipambo kwa nguvu, ndani kuna chuma, isipokivuta, bado kinaweza kuwa shaba iliyopakwa. Mwenye masikio yanayowasha aulize kama kulabu za hereni zina nikeli. Kwa shanga, vuta kidogo uzi karibu na kifungo, ambapo ndipo zinapokatikia, na gusisha shanga moja shavuni: kioo huwa cha baridi, plastiki haiwi.

Vipo vitu ambavyo havinunuliwi kwa bei yoyote. Magamba ya ng'amba, yaani yale yenye madoa ya kahawia na manjano yanayopitisha mwanga, ni ya kasa, na kasa wote wanalindwa na sheria; baadhi yao hutaga katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pembe za ndovu ni hivyo hivyo. Kilwa, huenda mtoto akakuletea kiganja cha shanga kuukuu au sarafu za shaba alizookota maghofuni. Usizinunue, hata kama zinauzwa kwa bei ya maandazi, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda, na kila shanga inayonunuliwa humrudisha mtoto yule kuchimba. Kipambo cha pembe ya ng'ombe, kifuu cha nazi au mfupa hakina shaka hiyo. Anayempelekea ndugu yake zawadi za mpingo nje ya nchi ajue kwamba miti ya jamii ya mpingo imo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, ingawa vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo katika mzigo mmoja vimesamehewa kibali cha mkataba huo.

Sasa ndipo tufike kwenye bei. Kupatana si dhambi, lakini patana ukiwa na hesabu ya siku kichwani. Ikiwa fundi amekwambia shali imemchukua siku nne, toa gharama ya uzi katika bei anayoitaka, gawanya kinachobaki kwa nne, kisha jiulize kama wewe ungeamka asubuhi kwa kiasi hicho. Punguzo la haki hupatikana kwa kununua vitu kadhaa, kwa kuchukua chenye kasoro ndogo, au kwa kumwachia muda mrefu zaidi.

Kwa oda, andikeni: kipimo, rangi, idadi, tarehe, na kiasi cha arbuni. Nusu ya bei inatosha kumwezesha fundi kununua vifaa, nayo ilipwe kwenye namba ya simu ambayo jina lake linalingana na la mtu unayezungumza naye. Acha kipande cha rangi unayoitaka, maana "kijani" cha kwenye simu si kijani cha kwenye beseni la rangi. Zingatia majira pia. Mvua zinapoanza, wasukaji wengi huwa shambani. Oktoba hadi Desemba ni korosho. Karibu na Idi na misimu ya unyago kila mtu anataka sare kwa wakati mmoja. Oda iliyotolewa Juni au Julai hupata mkono uliotulia.

Mzigo ukitumwa kwa basi, mwombe fundi apige picha ya kazi kabla ya kuifunga, pamoja na stakabadhi ya parseli. Mkeka uviringishwe, usikunjwe, na hereni zifungwe juu ya kadi ngumu ili kulabu zisipinde. Fungua mzigo siku hiyo hiyo, na ukiona kasoro mpigie fundi kabla hujavaa wala kufua, kwa kuwa kifungo kilicholegea hukazwa kwa dakika chache, lakini kitambaa kilichokwisha kuloweshwa hakina tena anayeweza kusema kilikuwaje.